Ninaendesha, Nitakujibu Nikifika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na kazi nayo imeanza. Kampuni ya malori imekubali kuijaribu programu yetu kwa madereva kumi na wawili mpaka mwisho wa Mei. Bosi aliporudi na habari hizo alizunguka meza mara mbili akipiga makofi, kisha akatukumbusha kwamba tukiboronga hapa, ofisi inafungwa. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vioo: meza tatu, dirisha moja, na feni ambayo haijawahi kuzunguka tangu nifike.

Naandika ili nisisahau tulikoanzia. Programu inafanya hivi: gari likizidi mwendo wa kilomita kumi kwa saa, simu ya dereva inajifunga. Haifunguki mpaka gari litulie dakika tano nzima, ili watu wasichapechape ujumbe kwenye taa nyekundu. Ujumbe ukiingia, aliyeutuma anajibiwa papo hapo: "Ninaendesha. Nitakujibu nikifika salama." Maneno hayo niliyatunga mimi. Bosi alitaka neno "salama" litoke, eti linarefusha, nikamkatalia. Dereva naye anasikia sauti: "Una ujumbe. Sema soma." Akisema "soma", anasomewa. Sauti inayomwita ni yangu pia, kwa kuwa siku ya kurekodi mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina mafua.

Dereva namba saba ni baba yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenzangu wa meza ya dirishani tunamwita Mtaratibu. Anachapa kwa vidole viwili na sijawahi kumwona akikosea. Leo ametaka tuweke mlango wa dharura: mtu akiandika neno fulani la siri, ujumbe wake upite hata gari likiwa mwendoni. Nimekataa katakata. Kila mtu huona lake ndilo la dharura. Shemeji yangu akiishiwa sukari ataandika dharura. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mwishowe Bosi akanipa ushindi. Nimerudi nyumbani kichwa juu, kama niliyeshinda uchaguzi.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi kuishi kwa wazazi tangu Januari, baada ya miaka sita ya kufanya kazi mji mwingine, na bado nawashangaa. Baba amekuwa msemaji! Mtu ambaye zamani ungemtoa neno kwa koleo, sasa akishika hadithi haiachi. Leo ametusimulia lile tairi lililopasuka mlimani, mara ya nne tangu nirudi. Mpira anautazama bila sauti. Anasema watangazaji wanapiga domo tu. Na Mama, akiwa jikoni, anamwandikia Baba aliye sebuleni: "Chakula tayari." Ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Nikawatania kwamba wamekuwa kama wachumba. Mama alicheka, ila alichelewa kidogo kucheka.

Jumanne, 11 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Namba saba ana hitilafu. Kwa siku kumi sauti yangu imemwita mara sitini na tatu, na hajasema "soma" hata mara moja. Wenzake wote wanasema, tena wengine wanaisemesha programu kama mke mdogo. Kinasa sauti cha simu yake ni kizima: kimeshika kikohozi chake, kimeshika na wimbo anaoimba akipanda mlima. Mtaratibu anasema mashine haizitambui sauti za wazee. Nimeona haya, kwa sababu mashine hiyo niliifundisha mimi, kwa sauti za rafiki zangu sita, wote vijana. Nimetengeneza kitu kisichomsikia baba yangu mzazi.

Jumatano, 19 Machi

Nimemkalisha Baba sebuleni, nikamwambia nikinyoosha kidole, aseme "soma". Alisema mara arobaini, kwa utiifu wa mwanafunzi, macho yakiwa kwenye kidole changu. Mashine imemwelewa mara thelathini na tisa. Ile moja alikuwa anapiga chafya. Kwa hiyo tatizo si sauti yake. Tumecheka sana. Nilimuuliza kwa nini basi hasemi hiyo "soma" barabarani. Akanijibu kwamba lile tairi, unajua, halikupasuka lenyewe.

Jumatatu, 24 Machi

Tumembadilishia simu. Bado.

Ijumaa, 28 Machi

Tumeongeza sauti mpaka mwisho kwa madereva wote. Namba tatu amelalamika kwamba ninawapigia kelele kama mwalimu wa zamu. Namba saba bado.

Mvua imeingia ofisini kwa dirisha. Bosi anauliza kila asubuhi, "Saba vipi?" Mimi najibu "Bado," na kila siku neno hilo linazidi kunikaa vibaya mdomoni.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilimwomba Bosi nipande lori la Baba kutwa nzima, nione mwenyewe hitilafu iko wapi. Tuliondoka saa moja asubuhi na shehena ya vigae, kompyuta mapajani mwangu, mvua ya kutosha. Mama alisimama mlangoni akatupungia mkono, kisha akatoa simu yake, akainamia akaanza kuandika. Sikuwaza lolote.

Baba anaendesha vizuri. Lazima niliandike hili kwanza. Mikono yake imetulia, vioo anavitazama kila mara, hana papara. Lakini kila nilipofungua mdomo, aligeuka kunitazama. Niliuliza kama breki zimekaguliwa: akageuka. Nilisema mvua imezidi: akageuka. Sekunde mbili kwa mwendo wa kilomita sitini ni mita thelathini na tatu za barabara ambazo hakuna aliyezitazama. Hesabu hiyo iko kwenye kipeperushi chetu, na niliipiga mimi. Nikadhani ni mapenzi tu, kwamba mzee amefurahi kuwa na binti yake ndani ya gari. Nyuma yetu gari dogo lilikuwa linapiga honi, linataka kupita. Lilipiga kwa muda mrefu. Baba hakusogea pembeni hata kidogo, na yeye ni mtu ambaye huwapisha hata bata.

Hapo ndipo sauti yangu ikalia ndani ya kibanda, kwa nguvu zote tulizoiongezea: "Una ujumbe. Sema soma."

Baba alikuwa amefika pale fundi alipolikagua tairi. Hakunyamaza. Hakupepesa jicho. Sauti ikaita tena. Niliamua kujaribu mwenyewe, nione kama mashine inasikia, nikasema, "Soma."

Ikasoma. Ile sauti ya mashine inasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, neno baada ya neno. Ilisema hivi:

"Mume wangu. Leo mtoto yuko nawe. Mwangalie mdomo akiongea, asije akagundua. Ukishindwa, ongea wewe."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anacheka. Amefika pale ambapo fundi anatoa msumari kwenye tairi na kumuonyesha. "Msumari mrefu hivi," akasema, akaachia usukani mkono mmoja kunipimia.

Siku kumi na tisa nimekuwa nikitafuta hitilafu. Nimebadilisha simu, nimebadilisha mashine, nimewapigia makelele madereva kumi na mmoja wasio na kosa. Na muda wote huo nilikuwa nikimwita baba yangu kwa sauti yangu mwenyewe, masikioni mwake, na hanisikii.

"Mbona kimya?" akaniuliza, akageuka kutafuta jibu mdomoni mwangu.

Sikuweza kumjibu. Kila jibu lingemtoa barabarani. Nilimuonyesha kwa kidole mbele, barabara, kisha nikamshika bega kidogo. Tulikwenda hivyo kwa muda wa saa tano, kwenda na kurudi, yeye akiongea na mimi nimefumba mdomo, nikilia kwa upande wa dirishani.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimembana Mama jikoni. Sikulazimika kueleza sana. Nilisema tu, "Simu imesoma kwa sauti," akaweka kisu chini.

"Nilikuambia inasoma kwa sauti," nikasema. "Mara tatu."

"Uliniambia nikiwa na chungu motoni. Nikasema sawa."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Sikio la kushoto lilitangulia."

"Na daktari?"

"Daktari alimpa kile kidude cha kuvaa. Kiko kwenye droo. Anasema ndani ya lori kinamletea mngurumo wa injini peke yake, watu hakiwaleti." Akakichukua kisu tena, hakukata kitu. "Kazini wanawapima macho tu, mwanangu. Macho yake ni mazima."

"Kwa nini hamkuniambia mimi?"

"Wewe kila kitu unakifanya ripoti."

Nilitaka kukasirika. Nikakosa pa kuanzia.

Jumanne, 8 Aprili

Kikao na kampuni ya malori. Alikuja Mama Usalama, ndivyo madereva wanavyomwita mkuu wa usalama wao, mwanamke wa makamo mwenye kalamu tatu kifuani. Bosi akafungua jedwali ukutani. Namba moja amesomewa jumbe mia na kumi. Namba nne, sabini. Namba saba: sifuri.

Nilikaza miguu chini ya meza. Nikasubiri mtu aseme.

"Tulidhani ni hitilafu," Mtaratibu akaanza, "lakini tumepima kila kitu. Mashine inamwelewa. Ni yeye tu hataki kusomewa."

Mama Usalama akainuka akaisogelea ile sifuri. "Kwa hiyo huyu hashiki simu, na wala haisikilizi. Anaendesha tu."

"Nidhamu," akasema Bosi. Alilipenda neno lake, akalirudia. "Huyu ndiye dereva programu hii inamtafuta!"

Wote wakanigeukia wakitabasamu, kwa kuwa ni baba yangu. Nikatabasamu. Ndivyo nilivyofanya, na sina la kujitetea.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamempa cheti cha dereva bora wa majaribio. Sherehe ilikuwa karakanani, mvua ikipiga bati mpaka hata sisi wenye masikio tukawa tunaambulia nusu. Mama Usalama alisoma jina akiwa ameinua karatasi mbele ya mdomo. Baba akabaki amekaa, anamtazama kwa heshima zote. Watu wakasema, mwone mzee alivyo mnyenyekevu. Nikamgusa goti.

Na zawadi juu yake: wamemtoa kwenye lori. Kuanzia Jumatatu anaendesha basi linalopeleka wafanyakazi kiwandani. Viti arobaini na vinne. "Mtu kama huyu hafai kubeba vigae," Mama Usalama amesema. "Abebe watu."

Jumanne, 15 Aprili

Nimechukua kalenda ya mwaka jana, nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: BABA, NAJUA. Nikamwekea mezani.

Aliisoma. Akaigeuza upande wa picha, akaigeuza tena.

"Mama yako?"

Nikatikisa kichwa, nikaandika: SIMU YAKO ILISOMA.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kwa hiyo nimeumbuliwa na kazi ya mikono yako," akasema. Kisha kicheko kikaisha na machozi hayakuisha. Sijawahi kumwona baba yangu akilia, na sikujua nitazame wapi.

"Injini naisikia kwa miguu," akasema. "Gia naisikia kwa kiganja. Vioo navitazama kuliko kijana yeyote pale. Miaka thelathini na moja, sijamgusa mtu."

NA HONI? nikaandika.

Aliisoma ile karatasi muda mrefu kuliko yanavyostahili maneno mawili.

"Nipe mpaka mvua ziishe," akasema. "Njia ya kiwandani ni matope matupu. Wakiweka mgeni sasa, atawaangusha watu korongoni. Mvua zikiisha nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, niwaambie. Usininyang'anye hilo. Niwaambie mwenyewe."

Nilipaswa kusema hapana. Nimeandika SAWA.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nimefurahi, kisha nikajiona mwovu kwa kufurahi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kubwa. Nimekaa ofisini nikitazama alama ya namba saba ikitambaa kwenye ramani. Mtaratibu ameniuliza mara mbili kama naumwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Gari la zimamoto lilikuwa nyuma ya basi likipiga king'ora, basi halikupisha mpaka makutano. Mama Usalama amepiga simu ofisini akicheka: "Mzee wako ni mkaidi, hata moto haumharakishi!" Abiria wamelisimulia kama kichekesho. Nimecheka naye kwenye simu. Kisha nikaenda chooni nikafungulia bomba.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua kidogo.

Jumatano, 7 Mei

Manyunyu asubuhi, dakika kumi hivi. Nimeyahesabu kuwa mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya tatu ya jua. Matope yamekauka mpaka yanapasuka. Wakati wa kunywa chai Baba alisogea dirishani na kikombe chake, akatazama juu kwa makini, akasema, "Naona wingu kule upande wa kiwandani. Unaliona?"

Anga lilikuwa jeupe pe. Mama akainamia sahani.

Nilimtazama usoni ili auone mdomo wangu vizuri, nikasema, "Naliona."

Alhamisi, 15 Mei

Jua. Hatuzungumzi habari za hali ya hewa nyumbani.

Ijumaa, 23 Mei

Amerudi leo akakaa kwenye kiti chake, akaanza hadithi ya tairi kabla hata hajavua viatu. Hakuifikisha kwa fundi. Aliacha katikati, akaingia chumbani.

Mama ndiye aliyemtoa maneno, kwa kalamu na karatasi, mlango ukiwa umefungwa. Kituo cha pili kutoka kiwandani, mwanamke mmoja wa zamu ya mchana alikuwa anashuka, mguu mmoja chini, mmoja ndani. Watu wakapiga kelele, "Simama! Bado!" Basi zima likapiga kelele. Baba akaondoa gari. Yule mwanamke ameteguka kifundo cha mkono na kuchubuka magoti yote mawili. Baba alisimama alipowaona kwenye kioo wamenyanyua mikono. Alimuomba radhi, akampeleka mwenyewe zahanati. Wakamuuliza, "Mzee, hukutusikia?" Akajibu kwamba alikuwa na mawazo.

Wameamini. Huyo ndiye dereva bora, nani asimwamini?

Basi hilo nimempandisha mimi. Kwa sifuri yangu, kwa tabasamu langu pale kikaoni, kwa wingu langu.

Jumatatu, 26 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Mama Usalama, huku mjini. Karakana iko mbali, mwendo wa nusu saa.

Jana nilimwandikia Baba kwenye kalenda: MVUA ZIMEISHA. Akasoma, akasema, "Wiki hii, mwanangu. Wiki hii hii." Leo asubuhi ametoka na funguo za basi kama kawaida, shati limepigwa pasi, na Mama amempangusa bega ambalo halikuwa na vumbi.

Saa tatu na nusu nimegonga mlango huu. Nimesema yote, tangu ule ujumbe wa Mama mpaka lile wingu. Mama Usalama hakunikatiza. Kalamu ilikuwa mkononi mwake lakini hakuandika chochote.

"Na ile sifuri," akasema mwishowe.

"Alikuwa hasikii."

"Nami nikampa watu arobaini na wanne." Akasimama, akavaa koti. "Anarudisha basi tupu karakanani saa tano. Tutampokea getini, atakabidhi funguo. Sitamdhalilisha, usiogope."

Nikamwomba aniache nimwambie kwanza. Baba alitaka kuwaambia mwenyewe, na hilo nimemnyang'anya. Angalau asilikute getini kwa watu wengine.

"Mwambie, basi," akasema. "Una saa nzima."

Alipoondoka nilikaa hapa nikatoa simu. Kumpigia ni kazi bure. Nikaandika: "Baba, nimewaambia. Nimeshindwa kungoja. Watakuwa getini. Nilitaka uyapate kwangu kwanza. Nisamehe."

Jibu lilikuja kabla sijashusha mkono.

"Ninaendesha. Nitakujibu nikifika salama."

Nikatuma tena, yale yale. Nikajibiwa yale yale. Nikaandika neno moja tu, DHARURA, kama mjinga, kama shemeji yangu. "Ninaendesha. Nitakujibu nikifika salama." Na huko ndani ya basi, najua, sauti yangu ilikuwa inamwambia kwa nguvu zote kwamba ana ujumbe, ana ujumbe, ana ujumbe, na viti vyote arobaini na vinne vitupu, hakuna hata abiria mmoja wa kumgusa bega.

Nimempigia Mtaratibu. Nimemuuliza kama anaweza kumfungulia namba saba, dakika moja tu, apate ujumbe mmoja.

"Ule mlango tuliukataa," akasema. Hakusema uliukataa. Nimemshukuru kwa hilo, nikakata simu.

Ningeweza kuchukua gari niwahi getini. Sikuweza kusimama pale upande wao, nikimngoja baba yangu pamoja nao. Nimefungua ramani badala yake. Alama ya namba saba imepita kituo cha pili. Imepita makutano. Inakwenda mwendo mzuri, haiyumbi. Imekata kona ya karakana. Imesimama.

Jua kali. Hakuna hata wingu.

Dakika tano ni ndefu. Niliziweka mimi.

Saa tano na dakika saba ujumbe wake umeingia:

"Nimefika salama. Nimesoma. Wamenizunguka hapa, wanaongea wote kwa pamoja, sijui wanasema nini. Njoo uniambie."

Nimemwandikia kwamba ninakuja. Gari limesimama, kwa hiyo ujumbe umempata papo hapo.